GC8 inapandisha joto Kitonga: nianze na rejeta kubwa, themostati au nini?

mzee_wa_boksa (Dar)

Wakuu habari za majukumu. Nina Subaru Impreza WRX ya 1997, ile ya bodi ya GC8, injini EJ20K yenye tabo, gia za mkono, ninayo mwaka wa tatu sasa na sijaiharibu kwa ushamba, sijaongeza busti (presha ya tabo) sijagusa kompyuta, kitu pekee kisicho cha kiwandani ni ekzosi ya nyuma ambayo niliikuta nayo.

Sasa juzi nilikuwa naelekea Iringa na familia. Dar mpaka Moro safi, Mikumi safi, sindano ya joto imekaa pale pale chini kidogo ya katikati kama imegundishwa. Tumefika mlima wa Kitonga tunakuta malori yamepangana, tunapanda gia ya pili mwendo wa kinyonga, AC nimewasha maana mtoto analia joto, ghafla naona sindano inaanza kutembea. Nikazima AC, nikafungulia hita mpaka mwisho na vioo vyote chini, mama watoto akaniangalia kama nimerukwa na akili, ila sindano ikarudi taratibu. Juu nikapaki pembeni. Kile kichupa cha akiba kimejaa mpaka shingoni kinabubujika, mfuniko sikugusa, nilishamuona mtu kaungua kifua kizima kwa huo mchezo.

Asubuhi yake Iringa, injini baridi kabisa, nafungua tanki dogo la juu pale karibu na tabo nakuta maji yameshuka, na kichupa bado kimejaa vile vile. Nikaongeza karibu lita nzima.

Fundi wangu anasema tung'oe themostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto, maji yatembee. Rafiki yangu anasema agiza rejeta nene ya alumini kutoka China umalize kazi. Nikiingia mtandaoni naona watu wanaruka njia ya maji ya throto bodi (mlango wa hewa ya injini), wengine wanafunga themostati ya joto la chini, mipira ya silikoni, mara ile habari ya kupoza silinda ya 4. Kichwa kinauma. Sitaki kujenga gari la mashindano, nataka marekebisho madogo madogo yenye maana nipande Kitonga na AC yangu. Nianze na lipi? Nawasilisha.

bajeti_kwanza

Uza chukua Toyota IST. Kitonga unapanda huku unaimba.

fundi_chuga (Arusha)

Mkuu umeutaja ugonjwa mwenyewe halafu umeupita ukaenda kwenye rejeta. Kichupa kimejaa, tanki la juu limepungua, na gari imelala usiku mzima. Anzia hapo.

Maji yakipata moto yanatanuka, mfuniko unaachia kidogo yanaenda kwenye kichupa, injini ikipoa inatakiwa iyanyonye yarudi yenyewe. Yako hayakurudi. Kwa hiyo ama kile kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimekufa, ama ule mpira mwembamba unaotoka shingo ya tanki kwenda kwenye kichupa una ufa unanyonya hewa badala ya maji, ama Mungu aepushie gasketi ya hedi inapitisha gesi ya silinda kuingia kwenye maji. Hizo mbili za kwanza ni hela ya chipsi mayai. Hiyo ya tatu ni kushusha injini, kwa hiyo ijue mapema kabla hujaagiza kitu chochote China.

Namna ya kujua: asubuhi kabla hujawasha, bonyeza mpira mkubwa wa juu wa rejeta kwa mkono. Ukiwa mgumu kama umepigwa pampu wakati injini imelala usiku kucha, kuna presha isiyo ya maji humo ndani. Halafu fungua mfuniko ikiwa BARIDI, washa, chungulia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki inatoka, usiogope, ila yakiendelea kuja mfululizo hata mpira wa chini ukishapata moto, tafuta mtu mwenye kile kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa juu ya shingo ya tanki, kikigeuka njano jibu umepata.

Themostati sasa. Kwenye hizi EJ haikai juu kama gari nyingi, imekaa chini, pale mpira wa chini wa rejeta unapoingilia wota pampu. Ina kisahani upande wa ndani, mlango wa rejeta ukifunguka kile kisahani kinaziba njia ya mkato ya maji yanayozunguka ndani ya injini. Ukiing'oa yote, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mwambie fundi wako hilo kwa upole, asikununie. Na asubuhi za baridi kompyuta itadhani injini haijapata moto itaendelea kumwaga mafuta, utakuja humu tena na uzi wa ulaji wa mafuta.

Ya joto la chini nayo usihangaike. Ya kiwandani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 76 mpaka 80, wewe ulipokuwa Kitonga ilikuwa imeshafunguka zamani yote, hata ungefunga ya 68 pale ungekuwa umesimama pale pale. Ila kama hujui iliyomo ni ipi, nunua ile halisi ya Subaru. Ziweke mezani ile halisi na ya dukani ya bei chee utaona kwa macho, halisi ina umbo kubwa na mdomo mpana, ile nyingine kama toto lake.

Boxer_Nai (Nairobi)

Boss fundi_chuga ameongea vizuri lakini mimi kuna kitu nimeskia kwa hio stori yako. Highway uko sawa, ikifika polepole na AC ndio shida. Hio mara nyingi ni hewa si maji. Kama ingekuwa rejeta imeziba ndani ungesumbuka pia ukiwa unakimbia kwa mlima barabara ikiwa wazi. Mimi hupanda kutoka Mai Mahiu kuja Limuru nyuma ya malori kila mwezi, na gari yangu ilikuwa inafanya hivo hivo mpaka nikajua feni moja haizunguki kabisa, imekufa na mimi sina habari mwaka mzima.

Fanya hivi. Washa gari, washa AC, enda mbele ushike karatasi ya kawaida ya daftari uiweke kwa grili mbele ya feni ya kwanza, uachilie. Inafaa kunata. Sasa uende upande ile ingine. Kama inaanguka feni ni mgonjwa. Dakika mbili, pesa sufuri.

Ya pili ulale chini uangalie kama ile plastiki ya chini ya bampa iko. Najua haiko 😂 zote huku zilitolewa na bampsi. Watu hudhani ni ya kuzuia tope peke yake, lakini ndio inalazimisha hewa ipite ndani ya rejeta. Bila hio hewa inapitia chini inaenda zake, na ingine inarudi imeshapata moto kutoka upande wa injini. Pia ile nafasi kati ya rejeta na fremu pande zote mbili na juu, ziba. Usitumie sponji ya godoro inakunywa maji inaoza, tumia ile raba ya milango. Hio ndio modifikesheni ya kwanza naeza kuambia mtu wa GC8 afanye na hakuna mtu huipiga picha aweke mtandaoni kwa sababu haing'ai.

Silinda ya 4: iko nyuma upande wa kushoto, na ndio watu hulia nayo sana pistoni zikivunjika hasa kwa EJ25 za STI zenye wameongeza nguvu. Wanafungua plagi ya maji kule nyuma wanaongeza kampira kadogo maji yasikae hapo. Sipingi, lakini kwa gari yenye haijaongezwa busti na haijaguswa kompyuta utakuwa unatibu mguu wa jirani.

Na heshimu hio gari, mwaka wake ndio dereva Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza. Sawa, ile ilikuwa WRC, gari ya mashindano, lakini bado.

rejeta_nene

Mnamzungusha jamaa bure. Mimi nilikuwa na tatizo kama lake, nikafunga rejeta ya alumini ya milimita 40 na ushee, mipira ya silikoni ya bluu, nimeshasahau kama kuna geji ya joto kwenye dashibodi. Nunua mzee, hutajuta.

fundi_chuga (Arusha)

@rejeta_nene hongera mkuu na siyo utani. Ila siku ile ulipofunga rejeta ulifunga na mfuniko mpya? Na maji mapya? Na mipira mipya? Na fundi akatoa hewa upya? Sasa umejuaje ni rejeta ndo imekuponya?

Mimi nimefunga hizo nene nyingi tu. Shida ya za bei rahisi siyo unene, ni kwamba bakuli la feni la kiwandani, ile fremu inayozishika feni, haliingii tena, mtu anafunga feni mbili kwa zile pini za plastiki zinazopenya kwenye mapezi, sehemu kubwa ya rejeta inakuwa haina feni inayoivuta. Barabarani safi, foleni ya Ubungo unalia. Kama unanunua, nunua inayokubali bakuli la kiwandani.

rejeta_nene

Mfuniko ulikuja na rejeta ndio 😅 haya nimenyamaza.

Said_wa_Maskati

Assalaam aleikum nyote. Miye niko Maskati huku miezi ya jua gari inasimama nje kwenye nyuzi 45 na kupita, na ninayo Impreza ya zamani kama hiyo, basi nikwambie yaliyonifaa.

La kwanza geji ya kweli. Ile sindano ya dashibodi imetengenezwa isikutie wasiwasi, inakaa pale pale toka maji yako 80 mpaka yakaribie kukufikisha pabaya, ukiiona imeondoka ujue umeshachelewa. Na gari hizi za Japani za miaka hiyo vile vijidude vya kuchomeka vya bei rahisi vinavyosoma joto kwenye simu havisemezani nazo. Nunua geji ndogo, na kile kipande cha alumini cha kukatia mpira wa juu wa rejeta chenye tundu la kufungia sensa. Kipime kipenyo cha mpira wako kabla hujanunua, na waya wa ardhi wa kile kipande usiusahau, kimekaa katikati ya mipira miwili hakigusi chuma popote, geji itakupa namba za kichaa. Ukishaifunga utajua gari yako kawaida yake ni ngapi, ndipo utapojua ngapi si kawaida.

La pili maji. Dar hakuna barafu, si ndiyo? Basi huna haja ya kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu. Maji matupu yanabeba joto vizuri zaidi kuliko yaliyochanganywa, ile dawa kazi yake kwako ni kuzuia kutu, kulainisha pampu na kupandisha kidogo kiwango cha kuchemka. Miye naweka thelathini kwa sabini, maji yaliyochujwa, si ya bomba, na siteremki chini ya hapo kwa sababu injini hii ni alumini na alumini ikiliwa haisemi. Usiseme tena basi niweke maji matupu. Na vile vidumu vya kulanti vya kijani vya njiani, vingine ni maji ya rangi tu, nusa, kilambe kidole ukiweza (usimeze, ni sumu), hakina utamu wala hakitelezi kama mafuta.

La tatu ukitaka weka swichi ya feni ndani, yenye rilei yake na fyuzi yake, uziwashe kabla hujaanza kupanda mlima, usingoje joto lipande. Lakini iwe ya kuwasha tu. Nimeona mtu kafunga swichi ambayo ikizimwa inazima mpaka amri ya kompyuta, akasahau, akapika injini.

Ya throto bodi yaache. Yale maji yanapita pale isigande nchi za baridi, kuyaruka huku hakudhuru wala hakuponyi, unaokota sehemu mbili mpya za kuvujia.

mzee_wa_boksa (Dar)

Wakuu nimesoma yote mara mbili, mbarikiwe. Swali dogo, huu mfuniko naona ipo miwili, mmoja kwenye tanki la juu na mwingine kwenye rejeta. Nibadilishe yote? Niweke ya presha kubwa zaidi si ndo maji hayachemki?

fundi_chuga (Arusha)

Usiichanganye hiyo miwili, haifanani presha. Ule wa tanki la juu ndo unaofanya kazi ya kuachia na kunyonya, soma namba iliyogongwa juu, kwenye hizi utakuta 1.1. Nunua namba ile ile.

Ya presha kubwa ni kweli inapandisha kiwango cha kuchemka, maji matupu kwenye presha hiyo ya 1.1 yanafika karibu 122 ndo yachemke, ukichanganya na kulanti yanaenda juu zaidi. Lakini kwani gari yako ilifika huko? Huna geji hujui. Na presha ukiiongeza inaenda kutafuta palipo dhaifu, na wewe una rejeta ya 1997 yenye vichwa vya plastiki. Viangalie rangi, kama vimegeuka kahawia badala ya weusi, siku yoyote vinapasuka kwenye kona, hapo sasa ndo nakuruhusu ununue rejeta.

Ukimwaga maji, kujaza ndo mtihani wenyewe. Inabeba kama lita saba hivi. Pandisha pua ya gari kwenye kilima au jeki, legeza ile skrubu ya kutolea hewa juu ya rejeta kwenye kona, jaza kupitia tanki la juu taratibuuu, huku unaminya mipira mikubwa kwa mkono, utasikia inagugumia kama mtoto anayenyonya. Ikitoka maji bila povu kwenye skrubu, funga. Washa, hita iwe mwisho, subiri feni ziwake zizime mara mbili, iache ipoe, ongeza tena. Anayekujazia kwa dakika tano amekuachia hewa ndani, na kwenye injini ya boksa ambayo silinda zake zimelala hivi hewa inajificha vizuri sana.

bajeti_kwanza

Hayo yote ili upande mlima mmoja. IST ipo, rangi ya fedha, namba D.

mzee_wa_boksa (Dar)

Wakuu nimerudi na majibu, wiki tatu zimepita samahani kwa kimya.

Mpira wa juu asubuhi laini. Mapovu machache yakakata. Nikatafuta mtu wa kile kipimo cha bluu, kimebaki bluu, nilitaka kumkumbatia.

Mpira mwembamba wa kwenda kwenye kichupa: @fundi_chuga nakuvulia kofia. Kwa nje mzima, nikauvuta pale kwenye klipu ya shingo ya tanki ukakatikia mkononi kama biskuti. Kumbe ulikuwa na ufa upande wa chini ambao huuoni mpaka uuzungushe. Maji yakisukumwa kwenda yanafika, mengine yanadondokea kwenye ekzosi yanakauka (ndo maana kuna siku nilikuwa nanusa kitu kama sukari inaungua), ikipoa inavuta hewa. Nimenunua kipande cha mpira wa mafuta wa sentimita 60 na klipu mbili, pamoja na mfuniko mpya wa namba ile ile.

Sasa ya karatasi. @Boxer_Nai nimemshikisha mwanangu wa darasa la pili karatasi ya daftari lake la hisabati. Feni kubwa, imenata. Feni ya AC, karatasi ikampiga usoni 😂😂 tukarudia, ikampiga tena. Feni inazunguka kwa nguvu kabisa ila inapuliza kuja mbele! Mwaka jana mota yake ilikufa nikabadilishiwa kwa fundi umeme mmoja barabarani, akaunga waya kinyume. Kwa hiyo mwaka mzima kila nikiwasha AC feni moja inavuta hewa ndani na nyingine inaitoa nje, zinavutana. Kwenye mwendo upepo wa barabara unazishinda ndo maana sikujua. Nimegeuza waya mbili dakika kumi.

Plastiki ya chini haikuwepo kama ulivyosema. Nimepata ya gari iliyochinjwa, haina sikio moja, nimeifunga na kipande cha bati.

Rejeta vichwa bado vyeusi, nimeiosha tu mapezi yake kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini, limetoka jeshi la panzi na nywele za mbuzi sijui za wapi. Kulanti 30 kwa 70. Geji nimefunga ya @Said_wa_Maskati na waya wa ardhi. Themostati nimenunua halisi maana iliyokuwemo ilikuwa lile toto.

Jumamosi nimepanda Kitonga tena, peke yangu, saa nane mchana, AC mwisho, nyuma ya lori la mbao. Barabara tambarare geji inacheza 86 mpaka 90. Kitonga imefika 98 ikakaa hapo, halafu ikashuka 94. Juu nikaiacha inaunguruma dakika moja nikazima. Asubuhi kichupa kiko kwenye mstari wake na tanki la juu limejaa mpaka shingoni.

Said_wa_Maskati

Mashallah. 98 nyuma ya lori na AC, miye nalala usingizi kwa namba hiyo. Feni zako kompyuta inaziwasha kwenye ngapi hasa, ukisoma kwenye geji yako?

mzee_wa_boksa (Dar)

Bila AC naziona zinawaka 95 au 96 zinazima kwenye 90 hivi. Swichi ya ndani nimeghairi kwanza.

Boxer_Nai (Nairobi)

Pea huyo kijana wa hesabu soda, ndio fundi wenu.

fundi_chuga (Arusha)

Mkuu taiming belti imebadilishwa lini? Wota pampu inazungushwa na huo huo mkanda, kama hujui historia yake badilisha vyote pamoja, usifungue mbele mara mbili.

mzee_wa_boksa (Dar)

Sijui historia yake… nafungua uzi mwingine.